Horchata na kahawa: kinywaji cha mchele cha Meksiko, ukijua vitumbua umeshakijua nusu

MpishiUgenini (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu wa jukwaa la mapishi shikamooni.

Nipo Houston tangu 2019, jikoni kwenye mgahawa wa Wameksiko. Kuna kinywaji nimekitafutia uzi humu ndani sijauona, kwa hiyo nauleta mwenyewe. Kinaitwa horchata. Ile H haitamkwi, semeni "orchata", na mimi nitaandika hivyohivyo kuanzia hapa ili tusichoshane.

Kwenye kaunta yetu kuna mitungi mitatu mikubwa ya kioo. Mmoja mwekundu, mmoja kahawia, mmoja mweupe. Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nionje yote nijue ninachouza. Nikaonja ule mwekundu: rosela. Nikaonja wa kahawia: ukwaju. Nikacheka peke yangu, maana nimevuka bahari kuja kunywa juisi za Kariakoo. Wao rosela wanaiita jamaica (tamka "hamaika") na ukwaju ni tamarindo. Ule mweupe ndio sikuutambua, na ndio ulionishika mpaka leo. Mchele mbichi, mdalasini, sukari, maji, barafu.

Sasa kuna mama mmoja wa Puebla, wote kazini tunamwita Doña kwa heshima, umri wa mama zetu. Mchana wateja wakipungua anachukua glasi yake, anaijaza orchata robo tatu, halafu anamimina kahawa nyeusi baridi taratibu kwa mgongo wa kijiko. Kahawa inashuka ndani ya ule weupe kama moshi. Anaitazama kidogo, anakoroga, anakunywa amesimama. Vijiwe vya kahawa vya Marekani wanauza kitu hichohicho wakikiita "orchata chafu", kwa bei ya kutisha. Nyumbani kinatoka kwa hela ya mchele.

Kabla hamjaanza kuulizia vifaa, nisikilizeni. Aliyewahi kuloweka mchele wa vitumbua au wa mkate wa kumimina ameshafika nusu ya safari. Mchele ni uleule, blenda ileile. Tofauti ni mbili tu: hapa hatutaki uumuke, na hatutaki uive. Mimi niliharibu mara tatu, mbili kati ya hizo kwa kusahau hayo.

Chukua kikombe kimoja cha mchele mweupe, gramu 200 hivi. Chenga zinafaa sana, tena ni rahisi, kwani si unakwenda kuusaga? Usichukue ule mchele uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa, wanga wake umeshaiva, hautoi kitu. Osha mara mbili tatu. Weka kwenye bakuli na kijiti cha mdalasini urefu wa kidole, kivunjevunje, mimina nusu lita ya maji baridi ya kunywa, funika, weka FRIJI usiku kucha. Nimeandika friji kwa herufi kubwa makusudi.

Asubuhi punje ukiibonyeza kwa ukucha inakatika, na maji yamepata rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Vyote viingie kwenye blenda: mchele, mdalasini, na maji yake. Dakika moja, isizidi moja na nusu. Ongeza nusu lita nyingine ya maji baridi, zungusha sekunde chache ichanganyike. Chuja kwa chujio la chai kwanza, kisha kwa kitambaa chepesi.

Hapo kwenye kitambaa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Mkono umezoea tui, nikakamua kwa nguvu zangu zote. Unga wote ukapita. Kunywa, ni kama nimeinama Rufiji msimu wa mafuriko. Doña akanionyesha: unafunga ncha nne za kitambaa, unaning'iniza kwenye bomba la sinki juu ya bakuli, unaondoka. Mwisho kabisa unakibonyeza kidogo kwa kiganja, basi. Hicho kitambaa wao wanakiita manta de cielo, yaani kitambaa cha mbingu, kwa jinsi kilivyo chepesi.

Kilichochujika tia sukari vijiko vikubwa vinne (onja, ongeza), kikombe cha maziwa, kijiko cha chai cha vanila, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi msiidharau. Rudisha kwenye friji. Kabla ya kumimina tikisa, kwa sababu mchele hutuama chini, hilo si kosa lako.

Kahawa unailoweka usiku uleule: gramu 50 za kahawa iliyosagwa iwe na chenga kama chumvi ya mawe, mililita 400 za maji baridi, saa 12 mpaka 16, chuja. Glasi moja: sehemu tatu orchata, sehemu moja kahawa, barafu ya kutosha. Barafu ikiyeyuka inazimua, kwa hiyo anza na ladha iliyokolea.

Maswali karibu.

Ngurumo

Kwa hiyo mkuu ulipanga foleni ubalozini, ukapanda ndege, ukakaa miaka yote hiyo, halafu unatuletea uji uliolala.

Sawa. Naweka kambi nione mwisho wake.

Kitumbua_Moto

Ngurumo waache watu wafundishwe.

Kaka mleta uzi, mimi ni mtu wa vitumbua, Tabata, asubuhi saa kumi na moja nipo na karai. Nimekuelewa neno kwa neno. Nina swali moja tu: hayo machicha yanayobaki kwenye kitambaa unayapeleka wapi?

MpishiUgenini

Natupa, dada.

Kitumbua_Moto

UNATUPA?

Mchele umelowekwa, umesagwa, una mdalasini ndani yake, halafu unatupa. Mama yako anajua?

Haya sikiliza. Hayo machicha changanya na vijiko vitatu vinne vya unga wa mchele ili yashikane, tui kidogo, sukari, hamira kijiko cha chai, iliki. Acha yaumuke saa moja. Kaanga kwenye kikaango chako cha vitumbua, isipokuwa kama huna haya na umekikosa huko ulaya. Havitakuwa laini kama vya mchele mzima, vina chenga kidogo, lakini vina harufu. Utarudi kunishukuru.

MpishiUgenini

Marekani dada, si Ulaya 😂. Kikaango ninacho, nilikuja nacho kwenye begi, watu wa forodha walikigeuzageuza dakika kumi. Nitajaribu.

NyaliBoy

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Mambo mawili, ndugu yangu. Kwetu tui tunachujia kifumbu, je, hapa kitafaa? La pili, mke wangu maziwa yanamsumbua tumbo. Badala ya maziwa naweza kutia tui lenyewe?

MpishiUgenini

Waaleikum salaam NyaliBoy.

Kifumbu kitumie hatua ya kwanza mahali pa chujio la chai. Peke yake hapana, matundu yake ni makubwa kwa unga wa mchele. Hatua ya pili kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa bila sabuni ya harufu. Mimi nilitumia cha sabuni ya maua mara moja, sitaki hata kukumbuka.

Tui ni sawa kabisa, na wala hutakuwa umezua. Upande wa Guerrero, pwani ya Pasifiki kule Acapulco, wana orchata ya nazi yao wenyewe. Minazi ya pwani ile ilitoka Ufilipino kwa merikebu za Wahispania zilizokuwa zikienda na kurudi Manila na Acapulco, kuanzia 1565 mpaka 1815. Na si nazi tu waliyopata. Colima, kaskazini kidogo ya hapo, mpaka leo kuna wagema, na tembo la mnazi wanaliita tuba, jina lilelile la Wafilipino. Nilipoona picha ya mgema wa Colima na kibuyu chake juu ya mnazi nilidhani ni Kilifi.

Ila tahadhari: tui likikaa kwenye friji mafuta yake yanaganda na kuelea mabonge kama nta. Tumia tui la pili, lile jepesi, litie dakika ya mwisho, mmalize siku hiyohiyo.

Na maziwa yenyewe si sharti. Doña mwenyewe anasema orchata ya nyumbani kwao ilikuwa ya maji matupu, maziwa na maziwa mazito ya kopo aliyakuta mjini. Wapo wanaotia na lozi, kiganja kimoja zinalowekwa pamoja na mchele. Tamu, lakini lozi na kahawa zinagombana mdomoni, mimi siweki.

BintiPemba

Naomba niingilie hapo kwenye mdalasini, maana mmeupita haraka na ndio roho ya kitu chenyewe.

Mdalasini upo wa aina mbili madukani. Upo ule gome moja nene gumu lililojikunja kama kigae cha paa, ukiubana kwa mkono hauvunjiki. Na upo ule wa magamba membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja kama sigara, ukiuminya unapukutika. Huu wa pili ndio mdalasini wa asili ya Sri Lanka, na ndio mti tulionao Unguja na Pemba nyuma ya nyumba zetu. Mtu anaponunua sokoni akachukua ule mgumu, ladha itakuwa kali, ya kuwasha, na blenda itaumia. Kwa chai ya maziwa au pilau haidhuru. Kwa kitu kinachosagwa kibichi na kunywewa, chukua wa kuminyika.

Mkikosa kabisa, ule mgumu ulowekeni mzima halafu muutoe kabla ya kusaga.

MpishiUgenini

Dada umemaliza. Na hao Wameksiko kwa hilo ni wakorofi haswa: wao wakisema canela wanamaanisha huo wa kuminyika tu. Kwa miaka mingi wamekuwa wanunuzi wakubwa kuliko wote wa mdalasini wa Sri Lanka. Siku mgahawa uliletewa mzigo wa ule mgumu, Doña alichukua kijiti kimoja akakigonga mezani, ko ko ko, akamwuliza msimamizi kama amenunua viungo au kuni.

FundiBlenda

Nathibitisha. Wiki iliyopita nimetengeneza blenda mbili, zote jagi limepasuka chini, zote mwenyewe anasema "nilikuwa nasaga mdalasini". Nyie endeleeni tu, mimi napata kazi.

Ngurumo

Mimi nipo Njombe. Asubuhi hapa nikitoa mkono nje ya blanketi unarudi wenyewe. Barafu simwekei hata adui yangu. Si unaipasha tu hiyo kitu moto na kahawa yake, maisha yaendelee?

MpishiUgenini

Ngurumo, umeuliza swali ambalo mimi nililijibu kwa sufuria yangu mwenyewe.

Februari 2021 Texas iliganda. Si baridi ya Njombe, ni kuganda: mabomba ya maji yanapasuka, barabara kioo, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Kwangu umeme ulienda siku mbili. Jiko langu ni la gesi, nikawa nawasha kwa kiberiti. Kwenye friji iliyokufa nilikuwa na jagi la orchata lita moja na nusu na chupa ya kahawa. Nikawaza kama wewe. Nikamimina vyote viwili kwenye sufuria, nikabandika.

Dakika tano za kwanza safi, jikoni kunanukia mdalasini na kahawa, najiona mjanja. Nikageuka kutafuta kikombe kwa tochi ya simu. Niliporudi mwiko umeanza kuwa mzito. Nikapunguza moto. Ukazidi. Nikakoroga kwa kasi, ikaanza kupiga yale mapovu ya uji, pwa, pwa, ikanirukia mkononi. Nikaishia na sufuria ya uji wa rangi ya matope wenye ladha ya kahawa, na hakukuwa na kingine cha kula. Nikaula na kijiko, nimevaa makoti mawili, na siwezi kusema ulikuwa mtamu.

Sababu ni rahisi. Orchata ni wanga mbichi unaoelea kwenye maji. Wanga wa mchele ukifika nyuzi joto 65 mpaka 75 hivi, vipunje vyake vinanywa maji, vinavimba, vinapasuka, na maji yote yanashikwa. Ndicho mama zetu wanachokifanya kila asubuhi wakisonga uji, ila wao wanakitaka. Ndiyo maana pia kahawa lazima iwe imepoa. Kahawa ya moto kidogo juu ya barafu nyingi unaweza ukanusurika, lakini ukiimwaga nyingi moja kwa moja kutoka jikoni inaanza kuvuta kama mlenda. Na kusaga kupita kiasi ni hivyohivyo, blenda ikizunguka dakika tano jagi linapata moto, mchele unakwenda vumbi, unapata utelezi.

Nilipomsimulia Doña alicheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia nimepika atole ya mchele. Kumbe wao wana uji! Atole kwa kawaida ni ya mahindi, wanakunywa asubuhi ya moto, na ipo ya mchele na maziwa na mdalasini. Kwa hiyo Ngurumo kwa Njombe yako, pika atole kwa nia njema: orchata bila kahawa, maziwa mengi, moto mdogo, koroga bila kuacha. Kahawa kunywa pembeni.

Ngurumo

Kwa hiyo ni uji. Nilisema tangu mwanzo.

MzeeWaBuni

Vijana, nimesoma kimya. Mmeongea mchele kurasa mbili, kahawa mmeipa sentensi moja. Mimi ni mtu wa Karagwe, siwezi kulala hivyo.

Kahawa ikilowekwa maji baridi haitoi uchungu wote wala uchachu wote, ndiyo maana inakaa vizuri na kitu kitamu. Lakini maji baridi ni mvivu, kwa hiyo unampa kahawa nyingi na muda mwingi. Vipimo vya kijana ni sahihi, moja kwa nane. Asije mtu akaloweka vijiko viwili kwenye jagi zima akasema amedanganywa.

Usagaji: ile kahawa iliyosagwa laini kama poda haifai, inapita kwenye kitambaa na kuleta mashapo juu ya mashapo ya mchele. Kama unayo hiyo tu, iache ituame masaa mawili zaidi, kisha mimina taratibu bila kuitikisa, uache kinachobaki chini.

Aina: arabika ya Kilimanjaro au Mbinga ina uchachu wake mzuri, inywe peke yake uuheshimu. Ukiitumbukiza kwenye maziwa na sukari uchachu unapotea, umeharibu hela. Hapa robusta yetu ya Kagera inafanya kazi nzuri zaidi, ina uzito, haizami. Ila mjue kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Glasi mbili saa kumi na mbili jioni utahesabu mabati ya paa mpaka alfajiri. Sisi tuliokulia kwenye akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa, unazitafuna tu ukiwa na mgeni, tunaweza kustahimili. Nyie sijui.

MpishiUgenini

Shikamoo mzee. Nimerekebisha: robusta.

Doña anatumia ya Chiapas, ambayo ni arabika, imekaangwa iwe nyeusi sana. Kwao kahawa na mdalasini ni ndoa ya zamani. Wana ile ya kuchemshia kwenye chungu cha udongo, kahawa, kijiti cha mdalasini, na sukari inayouzwa kwa vibonge vyenye umbo la pia, piloncillo. Nilipoionja nikasema hii si sukari guru? Ndiyo yenyewe, maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ukiwa na sukari guru nyumbani, iyeyushe kwa maji kidogo, iache ipoe, itie kwenye orchata badala ya sukari nyeupe. Weupe unapotea, inakuwa rangi ya kanzu ya zamani, lakini na kahawa inapatana ajabu.

MzeeWaBuni

Marahaba. Sukari guru hapo umesema.

Mdadisi_77

Nyongeza ya historia kwa wapenzi wa mambo hayo. Orchata ya kwanza haikuwa ya mchele. Jina linatokana na Kilatini, hordeum, maana yake shayiri, kwa hiyo mwanzoni kabisa yalikuwa maji ya shayiri. Valencia, Uhispania, wakaja kuitengeneza kwa chufa, vile viazi vidogo vya mzizini vya jamii ya ndago. Mmea huo uliingia Valencia enzi za Waislamu, na kabla ya hapo Wamisri wa kale walikuwa wakiula, umekutwa hata makaburini mwao. Wahispania walipovuka kwenda Meksiko chufa haikushika, mchele walioupeleka wenyewe ukashika. Jina likabaki, kitu kikabadilika. El Salvador wanatumia mbegu za morro, Puerto Rico ufuta. Na Hausa wa Nigeria wana chao cha chufa, kunun aya.

NyaliBoy

Ndago? Hii ndago tunayong'oa shambani tukiilaani?

Mdadisi_77

Ndugu yake. Ile inayotusumbua sana ni ya vizizi vyeusi vichungu, hiyo usijaribu. Ya chufa ni tamu, ladha kama lozi na nazi.

BintiPemba

Kwa hiyo ukwaju wa Afrika, rosela ya Afrika, na hata hii orchata mzizi wake umepitia Afrika. Kaka, hiyo kaunta yenu tudai kodi.

MamaJunior

Nimetengeneza Jumapili. Nielezeni nimekosea wapi. Ladha nzuri, watoto wameimaliza (kabla sijatia kahawa), lakini ina harufu kidogo kama ya togwa inayoanza. Niliuacha mchele mezani kwa sababu friji ilikuwa imejaa. Tupo Dar.

Kahawa nilitumia Africafe, vijiko viwili vya chai kwenye robo kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikaiacha ipoe. Mzee wa Buni asinione.

Na jingine: baba watoto ana sukari. Nikiacha kutia sukari anaweza kunywa?

MpishiUgenini

Dada, umekosea mezani. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, Julai ya Houston ni kama Machi ya Dar. Mchele uliolala kwenye joto unaanza kuchachuka. Kwa vitumbua ni neema, kwa orchata ni hasara. Na si ladha tu. Kwenye kozi ya usafi wa chakula ya kazini tulifundishwa kuhusu bakteria wa mchele, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinakuja na punje yenyewe na kuamka kwenye uvuguvugu. Vitumbua unavikaanga, hii hupiki kabisa. Friji ikijaa, loweka masaa mawili tu kwa maji ya baridi yenye barafu, saga, chuja, vumilia kwamba itakuwa nyepesi kidogo.

Africafe ni sawa kabisa. Huko Meksiko kwenyewe majumbani kahawa ya unga ya kuyeyusha ndiyo inayotawala, pamoja na kwamba wanalima.

Baba watoto: sukari ukiiacha, wanga wa mchele bado upo, na wanga ni sukari iliyovaa koti. Glasi ndogo baada ya kuzungumza na daktari wake. Mimi si mtu wa kumpa ruhusa hiyo.

MzeeWaBuni

Nimekuona, MamaJunior.

Nataka_Mtaji

Wakuu, hii naweza kuuza? Nipo karibu na chuo, wanafunzi wanapenda vitu vipya. Chupa ndogo, kibandiko kizuri. Inakaa siku ngapi?

Kitumbua_Moto

Ndugu, ushauri wa aliyeungua jua barabarani: anza na jagi moja, sio chupa mia.

MpishiUgenini

Msikilize dada.

Yenye maziwa siku mbili, tatu mwisho, kwenye friji inayofika chini ya nyuzi 5. Deli lenye barafu mbili tatu zinazoelea halitoshi. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa, na barafu ya maji hayohayo, kwa sababu humu hakuna moto wa kukusafishia lolote. Kipindupindu kikitangazwa mtaani kwenu, funga biashara mpaka kiishe. Kahawa usichanganye mapema: weka chupa mbili, mimina mbele ya mteja. Ule moshi unaoshuka kwenye glasi ndio utakaokuuzia. Na usipotikisa jagi, mteja wa kwanza atapata maji ya mdalasini na wa mwisho atapata plasta ya ukuta.

Ngurumo

Haya. Nimejaribu.

Chenga za mchele wa Kyela, mdalasini wa kuminyika nimemwagiza mtu Iringa, maji ya bomba la hapa hayahitaji friji, yanatoka yamekata tamaa yenyewe. Nikachemsha kwanza, nikayapoza nje dirishani. Kahawa ya Mbozi, arabika, kwa sababu ndiyo iliyopo, mzee anisamehe. Nikaning'iniza kitambaa kwenye msumari wa kalenda. Mke wangu akauliza naroga nani.

Nimekunywa saa saba mchana juani. Glasi ya kwanza sikuielewa. Ya pili nikatia chumvi niliyokuwa nimeisahau. Ya tatu hakukuwa na ya tatu, shemeji yangu alikuwa amefika.

Bado nasema ni uji. Lakini ni uji uliosoma.

BintiPemba

😂😂 Uji uliosoma.

MpishiUgenini

Wakuu, ripoti ya machicha.

Jana nilikuwa na zamu ya jioni, asubuhi nikafanya kama Kitumbua_Moto alivyoelekeza. Nikaongeza unga wa mchele vijiko vinne, tui la kopo, hamira, iliki. Vya kwanza vitatu viligoma kugeuka, kikaango kilikuwa hakijapata moto. Vilivyofuata vikatoka, kingo zimekauka, katikati laini, na mdalasini unaujua ukiwa bado mlangoni. Nikabeba kumi na mbili kwenye kopo la aiskrimu.

Doña alikimega kimoja, akakinusa, akaangalia ndani kwenye vitundu. Akaniuliza nimetumia nini. Nikamwonyesha kile kitambaa cha mbingu kilichoning'inia na machicha ya mchana. Alikaa kimya kama anapiga hesabu ya miaka yote aliyoyatupa. Kisha akala vinne, akikichovya kila kimoja kwenye orchata yake yenye kahawa. Leo nimekuta machicha yamefungwa kwenye friji ya kazini, juu ameandika kwa kalamu nyekundu: VITUMBUWA, NO TIRAR. Hilo la mwisho ni "msitupe".

Kitumbua_Moto

Nilikwambia utarudi. Mwambie ni vitumbua, bila W. Na asikae navyo kwenye friji zaidi ya siku moja.

Ngurumo

Sasa vipimo vya tui la kopo mbona hujaweka? Kopo zima au nusu?

Kitumbua_Moto

Nusu. Na wewe si ulisema unaweka kambi tu?